Kupima joto la tabaka za maji na mkondo katika Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria

Chukua chupa ya kioo ya lita 1, izungushie sponji, kisha ifungie jiwe la kilo 3. Jiwe likiwa jepesi, chupa tupu haizami. Piga fundo kwenye kamba kila mita 5, na kizibo cha chupa kiwe na uzi wake. Mtumbwi ukiwa umetia nanga, shusha chupa tupu iliyozibwa, vuta uzi kwa mkupuo kizibo kichomoke maji yaingie, subiri dakika 3, pandisha haraka, tia kipimajoto ndani ya chupa na ukisome kivulini. Kiwe cha desimali: maji ya juu na ya chini ziwani mara nyingi hayapishani hata nyuzi 3, kwa hiyo cha nyuzi nzima ni kazi bure.

Kamba ikilala mshazari, kina ulichoandika ni cha uongo, ongeza uzito. Pima asubuhi, jua lisijepasha maji ya juu. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki huchanganya maji, usishangae namba zikilingana.

Kwa mkondo, ning'iniza msalaba wa turubai mita 5 chini ya boya dogo, uufuatilie kwa GPS ya simu. Mita 60 kwa dakika 10 ni mita 0.1 kwa sekunde. Boya kubwa litakupimia upepo, si maji.