Kulingi tawa inakula maji? Anza na blodauni (kumwaga maji yaliyojaa chumvi) kabla hujanunua dawa

Mafundi wenzangu, ukiona tawa (mnara wa kupozea maji) inakunywa maji kupita kiasi au chila, ile mashine ya baridi, inatripu (inajizima) mchana, usikimbilie kuongeza dawa. Chukua mita ya kondaktiviti (inaonyesha wingi wa chumvi kwenye maji), pima maji yanayoingia, pima na yaliyo kwenye beseni la tawa, halafu gawanya. Yanayoingia yakisoma 400 na ya beseni 800, jibu ni 2, yaani chumvi imejikusanya mara 2 tu na wewe unaimwaga hela mtaroni.

Sehemu nyingi nakuta valvu ya blodauni imefunguliwa robo, ikaachwa hivyohivyo usiku na mchana mwaka mzima, hakuna anayepima. Piga hesabu kidogo: pampu inazungusha kyubiki (mita za ujazo) 100 kwa saa, maji yanapoa nyuzi 6 hivi, kinachopaa na mvuke ni karibu kyubiki 1 kwa saa na hicho huwezi kukizuia maana ndo kinachopoza. Cha kumwaga unakipata kwa kuchukua hiyo mvuke ukagawanya kwa mara ulizonazo ukitoa moja. Kwa hiyo kwenye mara 2 unamwaga kyubiki 1 nyingine, kwenye mara 4 unamwaga theluthi ya kyubiki tu, na kwa siku nzima umeokoa karibu kyubiki 16 za maji.

Ila usiruke ghafla. Maji ya visima huku pwani mengi yana chumvi na chokaa, kwa hiyo peleka kwanza sampo maabara wakupimie ugumu wa maji na silika (madini ya mchanga), hakikisha dawa ya kuzuia ukoko ipo, ndo upandishe kidogokidogo huku unaangalia joto la kondensa (sehemu ya chila inayotoa joto), maana ukoko mwembamba tu kwenye mirija unatosha kufanya kompresa itumie umeme vibaya. Ukipata kontrola ya kufungua valvu yenyewe ni bora zaidi, lakini iseti isimwage muda mfupi baada ya kutia dawa ya kuua bakteria, vinginevyo dawa yote inaenda na maji.

Halafu utelezi wa kijani msiuzoee jamani, nawaomba. Klorini inapungua nguvu pH ikipita 8, kwa hiyo pima pH na uitumie kwa zamu na dawa isiyo ya klorini. Bakteria wa Lejionela wanapenda maji ya vuguvugu kama haya, ndo waliogundulika baada ya watu kufa kufuatia mkutano wa hotelini Philadelphia mwaka 1976, na mtu anawapata kwa kuvuta ule ukungu tu. Kwa hiyo kabla ya kuosha zima feni, tibu maji kwanza, na kijana anayeingia mle ndani mpe barakoa ya N95, ile ya kitambaa haimsaidii.

Na kama maji yanafurika kila pampu ikizimwa, floti (boya la kufunga maji yanayoingia) iko juu mno, maji ya kwenye mabomba yanarudi yanakosa nafasi. Ishushe kidogo, zima pampu, rudi uangalie.