Namna ya kuwatambua wafanyakazi wa chuo kikuu wanaowajumuisha wanafunzi wa hali zote

Barua nyingi zinazopendekeza mfanyakazi wa chuo kikuu apewe tuzo husomeka kana kwamba zimetoka mkono mmoja, hata kama walioziandika hawajuani. Husema kwamba mhusika ni mchapakazi, anawapenda wanafunzi wote bila ubaguzi, na ofisi yake haifungwi kwa mtu yeyote. Kamati iliyopokea barua 30 za namna hiyo haina kigezo cha kumweka mmoja juu ya mwingine, kwa hiyo huishia kumchagua yule ambaye jina lake linafahamika zaidi, naye mara nyingi ni hodari wa kuuzungumzia ujumuishi jukwaani kuliko wa kuutenda maabara au kwenye dirisha la ofisi ya udahili. Maelezo yanayofuata yamekusudiwa kamati za tuzo, wakuu wa idara na viongozi wa wanafunzi wanaotaka kazi hii ifanyike kwa haki.

Kutenganisha wema na ujumuishi

Kabla ya kutoa tangazo, kamati ikae na kukubaliana inamtafuta mtu wa aina gani. Wanafunzi tunaowazungumzia ni wengi na hawafanani: wenye ulemavu unaoonekana na usioonekana, wanaosoma kwa lugha isiyo yao ya kwanza, wakimbizi na waliotoka nchi nyingine, wa kwanza katika familia zao kufika chuo kikuu, wanaolea watoto huku wakisoma, waliorudi darasani wakiwa watu wazima, wa dini au jamii zenye watu wachache chuoni, na wanawake walioingia fani ambazo kwa miaka mingi zimehesabiwa kuwa za wanaume. Kinachomfaa mmoja hakimfai mwingine, na mfanyakazi anayedai kuwatendea wote sawasawa kabisa huenda hajawatazama.

Tofauti ambayo naiona kuwa ya msingi kuliko zote ni ile iliyopo kati ya wema na ujumuishi. Mhadhiri anayebaki darasani baada ya kipindi ili amsomee mwanafunzi asiyeona yaliyoandikwa ubaoni ametenda wema, na anastahili shukrani. Mhadhiri anayeeleza kwa maneno kila mchoro anaouchora, na anayetuma muhtasari wa mhadhara siku mbili kabla, katika mfumo ambao programu ya kusoma maandishi kwa sauti inaweza kuusoma, amebadilisha mpangilio wenyewe, kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka ujao hatalazimika kuomba chochote. Tuzo ya ujumuishi ni ya huyu wa pili. Wa kwanza aandikiwe barua ya shukrani, nayo iandikwe kwa uzito wake.

Jambo jingine la kuamua mapema ni mpaka kati ya hisani na wajibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi wanachama, katika ibara ya 24, zihakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu bila kubaguliwa na kwamba wanafanyiwa marekebisho yanayowafaa. Kwa hiyo msimamizi wa mitihani aliyempa mwanafunzi muda wa ziada ulioidhinishwa amefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Wapo wanaosema kwamba palipo na wengi wasiotimiza wajibu, anayeutimiza atunukiwe. Sikubaliani nao, kwa sababu tuzo ya namna hiyo humfundisha kila mtu kwamba haki ya mwanafunzi ni zawadi ya mwalimu. Anayestahili kutafutwa ni yule aliyevuka wajibu, au aliyeufanya wajibu uwezekane pale ambapo kanuni zilikuwa kimya.

Kuwatafuta wasioonekana

Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini katika jambo hili methali hiyo haifanyi kazi. Msaada wa aina hii hutolewa faraghani, na aliyesaidiwa mara nyingi hataki ijulikane kwamba alihitaji kusaidiwa. Kamati inayobandika tangazo na kusubiri mapendekezo yaje yenyewe itapokea majina ya wahadhiri maarufu wa madarasa makubwa, na haitapokea jina la mlinzi wa lango anayejua ni mwanafunzi gani anatumia kiti cha magurudumu na ni mlango upi wa kumfungulia mvua inaponyesha.

Njia inayosaidia ni kuwafuata wanafunzi walipo na kuwauliza swali moja dogo: ni nani aliyekufanya usiache masomo? Swali hilo huleta majina ambayo hayakutarajiwa. Huleta mkutubi, mlezi wa bweni, karani wa ofisi ya msarifu aliyemweleza mwanafunzi namna ya kulipa ada kwa awamu kabla jina lake halijafutwa, mkalimani wa lugha ya alama, na fundi sanifu wa maabara. Huyu wa mwisho tumtazame kwa karibu kidogo. Tuseme ameona kwamba mwanafunzi anayekaa kwenye kiti cha magurudumu haifikii meza ya majaribio, na kwamba kila kikundi kinampa kazi ya kuandika matokeo tu. Anapunguza kimo cha meza moja, anahamisha mabomba ya gesi na maji ili yafikike kwa mtu aliyeketi, kisha anapanga zamu za meza hiyo ili kila kikundi kiitumie kwa wakati wake, asije mtu akaiita meza ya fulani. Hakuna kikao cha seneti kilichoijadili kazi hiyo, wala haimo katika taarifa ya mwaka ya idara.

Kamati iangalie pia mzigo unaowaangukia wachache. Mwaka 1994 Amado Padilla, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliuita mzigo huu kodi ya kitamaduni: mhadhiri anayetoka katika jamii ya wachache huitwa kwenye kila kamati inayohitaji sura ya jamii yake, na wanafunzi wote wa asili yake humkimbilia kwa ushauri, huku saa hizo zote zikikosa kuhesabiwa wakati wa kupanda cheo. Mtu wa namna hiyo asipongezwe kwa kujitolea halafu akaongezewa kamati nyingine mbili kama heshima, jambo ambalo nimeliona likifanyika kwa nia njema kabisa.

Kukusanya ushahidi bila kumuumiza mtu

Fomu ya mapendekezo iwe fupi na iulize tukio. Maswali manne yanatosha: kizuizi kilikuwa nini, mfanyakazi alifanya nini hasa, kitu gani kilibadilika baada ya hapo, na je, mabadiliko hayo yangebaki endapo mfanyakazi huyo angehama. Swali la nne ndilo linalochuja kuliko mengine. Kwenye fomu yenyewe liwekwe jibu la mfano, kwa sababu wanafunzi wengi hawajawahi kuandika kitu cha aina hii na huona aibu kuandika mambo madogo madogo, ilhali hayo madogo ndiyo yanayotafutwa. Sentensi isemayo kwamba mkutubi huyu huwasaidia sana wasioona haina kazi. Linganisha na hii: "Vitabu vya rejea vya kozi ya takwimu vilikuwa picha za kurasa ambazo programu yangu haikuweza kuzisoma. Mkutubi alivibadilisha sura baada ya sura, na kila sura niliipata kabla ya mhadhara wake. Mwaka uliofuata wanafunzi wengine wawili walivikuta tayari."

Alama ambazo wanafunzi huwapa walimu mwishoni mwa muhula zisitumike peke yake. Katika utafiti wa Lillian MacNell na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, walimu wawili wa kozi moja ya mtandaoni, mwanamke na mwanamume, walifundisha makundi mawili kila mmoja, kundi moja kwa utambulisho wake na jingine kwa utambulisho wa mwenzake. Wanafunzi waliodhani wanafundishwa na mwanamume walitoa alama za juu zaidi, awe kweli ni mwanamume au la. Barua za mapendekezo nazo zina upotofu wake. Frances Trix na Carolyn Psenka walichambua barua zaidi ya 300 zilizowaombea watu nafasi za ualimu katika shule ya udaktari wa tiba nchini Marekani, na mwaka 2003 waliripoti kwamba barua za wanawake zilielekea kuwa fupi na kusifu bidii, ilhali za wanaume zilisifu utafiti na kipaji. Kamati isome mapendekezo ikilijua hilo, na mahali barua inapoishia kwenye sifa za tabia, mjumbe mmoja ampigie mwandishi simu na kuuliza: alifanya nini?

Usiri wa mwanafunzi unatangulia tuzo. Fomu isimtake ataje ugonjwa wake, hali yake ya ukimbizi au mambo ya nyumbani kwake. Inatosha aseme kulikuwa na kizuizi na kiliondolewa. Maneno yake yasisomwe hadharani bila ruhusa yake ya maandishi, kwa kuwa katika idara yenye wanafunzi 40 hakuna mtu anayefichika kwa kuondolewa jina tu. Na katu asipandishwe jukwaani awe kielelezo cha wema wa mtu mwingine. Vilevile mwanafunzi ambaye tasnifu yake bado iko mikononi mwa anayependekezwa asubiri hadi matokeo yatoke, ili pasiwe na shaka upande wowote. Mfanyakazi mwenyewe aulizwe kabla jina lake halijatangazwa. Wapo wanaofanya kazi hii kwa sababu tu haijulikani, na kuwatangaza kutawafukuza wanafunzi waliokuwa wakiwaendea kimyakimya.

Kutoa kitu chenye uzito

Cheti ni kizuri, nacho kiandikwe tendo lenyewe, si maneno ya jumla kuhusu utumishi uliotukuka. Lakini cheti pekee hakimfikishi mtu popote. Chuo chenye nia kitafute namna ya kulipa kwa kile ambacho kazi hii ilikula, yaani muda: kupunguziwa kozi moja katika muhula, kupewa msaidizi, au fungu dogo la fedha la kuendeleza alichokianza. Kwa mhadhiri, jambo lenye maana kuliko yote ni vigezo vya kupanda cheo kuitaja kazi hii waziwazi, pamoja na alama zake, kando ya utafiti na ufundishaji. Kwa mlinzi au karani ambaye hana ngazi ya kitaaluma ya kupanda, fedha taslimu na mkataba wa kudumu vina maana kuliko chakula cha jioni na viongozi.

Pale ambapo tendo lilikuwa la wengi, itunukiwe timu au idara nzima. Hati ya Athena SWAN, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2005 kwa ajili ya usawa wa wanawake katika sayansi, huvitunuku vyuo na idara kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na tangu mwaka 2015 imehusisha pia fani nyingine na wafanyakazi wasio wahadhiri. Tuzo hizo hudumu kwa kipindi fulani tu, kisha idara hulazimika kuomba upya na kuonyesha ilichokifanya. Utaratibu huo umelalamikiwa kwa wingi wa makaratasi, na malalamiko hayo yana msingi, lakini wazo la tuzo inayokwisha muda wake ni la kuigwa.

Baada ya hafla ndipo kamati nyingi huvunjika, ilhali kazi moja ingali imebaki. Kila aliyependekezwa, aliyeshinda na asiyeshinda, aandikiwe barua yenye maneno ambayo wanafunzi waliruhusu ayasome. Barua hiyo itiwe sahihi na makamu mkuu wa chuo, nakala yake iwekwe kwenye jalada la mfanyakazi, na imfikie kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi ya kupanda cheo ya mwaka huo.