Negativu za kioo za kizamani: jinsi ya kujua zimetoka wapi

Watu wakipata boksi la negativu za kioo (vioo vya kupigia picha, weusi na weupe wake umegeuka), cha kwanza wanainua moja kwenye mwanga waone sura ya nani. Subiri. Sura haikimbii. Kioo chenyewe ndo kinasema mengi, na ukianza na picha utaishia kubahatisha. Mifano yangu ni ya Unguja na Dar maana ndo ninazozishika sana.

Hatua ya 1: shika vizuri. Kwenye kingo tu, na glavu za mpira, za kitambaa zinateleza. Usioshe, usipanguse na spiriti. Upande unaong'aa ni kioo kitupu, uliofifia ndo wenye dawa (tabaka linalobeba picha), huo usiuguse kabisa.

Hatua ya 2: pima kwa milimita. Hapa ndo penyewe. Waingereza walikata kwa inchi, Wajerumani na Wafaransa kwa sentimita, na kwa macho saizi zinafanana kweli: hafu pleti (pleti ndo kioo chenyewe) ya Kiingereza ni kama 120 kwa 165, ya Kijerumani 130 kwa 180, kota pleti ni 83 kwa 108 na mwenzake wa Kijerumani 90 kwa 120, fulu pleti 165 kwa 216 dhidi ya 180 kwa 240. Kwa hiyo ukikuta 130 kwa 180 na picha ni ya Dar, anza kuwazia enzi ya Mjerumani, kabla Waingereza hawajauchukua mji 1916. Ila saizi inakwambia kioo kilikatwa kwa soko gani tu, sio picha imepigwa wapi, Mjerumani naye alishuka Unguja na kamera yake.

Hatua ya 3: angalia kingo na dawa. Kama dawa imetandazwa kwa mkono, haijafika pembe moja (hapo ndo mpiga picha aliposhikia), kioo kimekatwa ovyo na rangi inaelekea maziwa au kahawia, hiyo ni kolodioni, dawa ya majimaji mpiga picha alimwagia kioo mwenyewe, ilianza 1851 na ilibidi ipigwe na kusafishwa ingali mbichi. Dawa ikiwa sawasawa mpaka ukingoni, nyeusi, na pembeni kuna mng'ao wa fedha, ni jelatini ya kiwandani, dawa kavu iliyopakwa tayari, hizo zimeenea kuanzia karibu na 1880.

Hatua ya 4: boksi usiliamini. Ilford, Agfa, Lumière, yote majina mazuri, lakini maboksi matupu yalitumika tena kutunzia chochote. Maandishi yaliyokwaruzwa kwenye dawa ndo ya maana, mengi yameandikwa kinyume ili yasomeke kwenye karatasi.

Hatua ya 5: sasa picha. Tableti yenye skrini nyeupe, karatasi nyembamba nyeupe juu yake, kioo juu, upande unaong'aa ukuelekee wewe ili kulia kuwe kulia, piga na simu kisha geuza rangi. Tafuta majengo. Beit al Ajaib ya Unguja ilijengwa 1883, ukiona mnara umesimama peke yake mbele ya jumba ni kabla Waingereza hawajaipiga mizinga ikulu Agosti 27, 1896, ukiwa umeungana na jumba ni baadaye. Dar, sanamu ya Askari ikionekana basi ni 1927 kuja huku, na hapo hata kioo kiwe 130 kwa 180 habari ya enzi ya Mjerumani futa.

Picha za ndani ya studio hazina majengo, kwa hiyo shika pazia lililochorwa, zulia na kiti. Studio ilitumia vitu vilevile miaka na miaka. Linganisha na picha za karatasi zenye jina la studio, kina Gomes na Coutinho wa Unguja wameacha nyingi, na mkusanyo wa picha za zamani za Winterton wa chuo cha Northwestern Marekani unauona bure mtandaoni. Kwa Dar ya Wajerumani pitia picha za Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani, kwenye Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Mimi pazia naliamini kuliko maneno ya muuzaji, muuzaji kila kitu kwake ni "Zanzibar ya masultani".

Hatua ya 6: andika. Penseli, kwenye bahasha, kabla hujaingiza kioo. Vipimo, aina ya dawa, halafu tenga "nina hakika" na "nadhani". Zipange zisimame kwa upande mrefu, usizilaze moja juu ya nyingine, za chini zitapasuka.