Kumwandikia makanga wimbo

Usianze na kinanda. Anza na swali: huyu mtu anataka nini, na kwa nini hawezi kulisema hivi hivi tu? Kwenye mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, mhusika huimba pale maneno ya kawaida yanapomshinda. Kama akisema anaeleweka, mwache aseme, twende nyumbani mapema.

Mfano ninaoufanyia kazi sasa ni Zuhura, makanga wa matatu za Kayole, Nairobi, anayetaka kuendesha. Mwenye gari hataki hata kusikia. Kabla ya ubeti wowote, nilimwandikia maneno ya kusema, bila vina: “Kila kona ya Jogoo Road naijua, hata tuta lisilopakwa rangi. Dereva akisinzia ni mimi nagonga bodi aamke. Nipe funguo.” Kisha nikapiga mstari chini ya maneno ambayo mtu angeyapigia kelele. Hicho ndicho kiitikio: nipe funguo.

Sasa tamka polepole huku ukipiga makofi. NI-pe fu-NGU-o. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mdundo umeshajileta wenyewe, tatu-tatu: NI-pe-fu, NGU-o, pumzi. Mwisho wa mchezo Zuhura hambembelezi tena mwenye gari peke yake. Anawakabili wanachama wote wa Sacco, ushirika wa wenye matatu, mkutanoni, na kiitikio kinakuwa nipeni funguo. Mkazo umehamia PE. Ukilazimisha sauti ileile, atasikika kama mgeni aliyeshuka ndege jana. Tanguliza noti fupi ya “ni” kabla ya pigo, kisha utue kwenye PE. Noti moja tu imeongezeka, na ombi limegeuka amri.

Ndiyo maana mimi huandika maneno kwanza. Richard Rodgers, mtunzi wa muziki wa Marekani, alipofanya kazi na mwandishi wa maneno Lorenz Hart, kwa kawaida muziki ulitangulia. Alipoungana na mwandishi mwingine, Oscar Hammerstein, kwa mchezo wa Oklahoma! wa mwaka 1943, maneno yakatangulia. Njia zote mbili zilizaa nyimbo kubwa, lakini kwa Kiswahili mimi niko upande wa Hammerstein. Mkazo wetu hauna subira na muziki uliokwisha kushonwa.

Angalia pia ni sauti gani unaipa noti ndefu ya juu. A na e hufungua koo. Lakini “mtu” na “nchi” hubeba mkazo kwenye m na n zenyewe, na ukiziweka kileleni mwigizaji atabaki kuguna mdomo umefungwa huku watu wa nyuma wakiulizana amesema nini.

Vina ni rahisi mno kwetu, na hapo ndipo waandishi wengi hulala. Kwenda, kupenda, kutenda: umemaliza ubeti na hujasema kitu. Mimi vina kamili vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane, nimempa mwenye gari, mzee anayependa kila kitu mahali pake. Zuhura huvivunja. Yeye husema nganya kwa Sheng, mzee husema gari, na hata ukifumba macho unajua nani anaimba. Usiogope kuchanganya lugha: tamthilia ya Maitũ Njugĩra ya Ngũgĩ wa Thiong’o ilikuwa na nyimbo za lugha kadhaa za Kenya.

Ala nazo? Gitaa moja latosha hadi wimbo usimame wenyewe.

Bado ubeti wa pili, ambao kwa kawaida ni ule wa kwanza uliobadilisha shati. Uimbe kabla ya wa kwanza. Wimbo ukisikika sawa tu, basi hakuna kilichotokea kati ya beti hizo mbili, na mmoja uondoke, hata kama ndio wenye vina vitamu. Wa Zuhura ulibaki kwa sababu hapo ndipo anagundua dereva ameacha kazi, na gari limeegeshwa likiunguruma bila mtu.