Punda anaumwa mgongo? Mkague hivi kwanza

Jamani kabla hujatafuta mtu wa kumnyoosha punda wako mgongo, mkague mwenyewe kwanza, maana punda anajua sana kuficha maumivu, akigoma kutembea watu wanasema mkaidi kumbe anaumia.

Mvue sogi (ile mifuko ya mzigo ya mgongoni), msimamishe pahali tambarare. Anzia begani, pitisha vidole polepole mpaka kiunoni, bonyeza nyama ya pembeni sio zile pingili zenyewe, ukimaliza upande mmoja fanya wa pili. Akishtuka, akididimiza mgongo, akilaza masikio nyuma au akitaka kukupiga teke basi hapo ndo penyewe (we simama ubavuni, sio nyuma yake!). Pima na joto kwa kiganja.

Kama hana maumivu makali mpe karoti, ishike karibu na ubavu ageuze shingo mwenyewe, mara 3 kila upande, usimvute.

Ila ile ya kumgonga mgongo mpaka ulie "ka!" kama kwenye video za mtandaoni, usithubutu. Kairopraktiki ya wanyama, yaani hiyo kazi ya kunyoosha mgongo kwa mikono, inasomewa, na daktari wa mifugo ndo anatangulia kumwona. Akiburuta miguu ya nyuma au akishindwa kuinuka muite siku hiyo hiyo.

Na angalia mzigo bana, mara nyingi kisa ni sogi imejazwa mchanga upande mmoja mzito kuliko mwingine, hapo hata umkande kila jioni atarudi palepale. Sawazisha, weka kitambaa kinene chini, mpumzishe siku kadhaa.