Kufufua Pijo kuukuu na watoto wako: nani ashike nini

Kama uko na gari imelala kwa boma miaka, Pijo 504 pick-up ya babu huko Vihiga ama Datsun iliyosahaulika nyuma ya nyumba Nakuru, na shule zimefungwa na watoto wanashinda kwa simu, usiite fundi bado. Kazi nyingi ya hiyo gari mnaweza kuifanya wenyewe. Sharti ni moja tu na wazazi wengi hatulipendi: mtoto asiwe wa kushika tochi. Mtoto wa tochi anachoka haraka, mkono unashuka, mwangaza unaenda kwingine, unamfokea, kesho yake haji. Mpe sehemu ya gari iwe yake kabisa. Hapa kwetu Kisumu binti wa Grade 8 alichukua moto, yaani betri, koili, plagi na waya zote, kijana wa Grade 5 akachukua breki na magurudumu, mimi nikabaki na petroli na vitu vizito. Ukitaka kuguza sehemu ya mwenzako unaomba ruhusa, hata kama wewe ndiye baba.

Makaratasi kwanza, haraka haraka. Angalia logbook, ile karatasi ya umiliki, iko kwa jina la nani, ju kama mwenyewe alishafariki mtahitaji karatasi za mirathi kutoka kortini ndio NTSA, mamlaka ya usafiri, wabadilishe jina, na hiyo inaweza kuchukua muda kuliko injini yenyewe. Pick-up pia ni gari ya biashara kwa hivyo ukaguzi ni kila mwaka. Peleka hiyo maneno mbele huku nyinyi mnaendelea na spana.

Siku ya kwanza usitoe kitu. Fungueni boneti na mchungulie mkiwa na fimbo, mavu wanapenda sana injini iliyolala na panya wakishaweka kiota wanakula waya. Kisha sheria, na hizi sio za kujadiliana: hakuna patipati, viatu vya kufunga tu. Hakuna mtoto anaingia chini ya gari, kwisha. Jeki ni ya kuinua, sio ya kushikilia, kwa hivyo gari ikishapanda inakaa juu ya stendi za chuma, chini ya jeki kuna ubao mnene ndio isizame kwa mchanga, na magurudumu yaliyobaki chini yamewekewa vizuizi. Zile bloku za kujengea usiwahi, inakaa imara halafu inapasuka mara moja bila kukuambia. Kila gurudumu mnalotoa lilazeni chini ya chesisi, likae hapo kama bima.

Tafuta trei za mayai, zile za karatasi. Kila shimo liandikwe namba kwa kalamu, kila bolti na nati inayotoka iingie kwa shimo lake, na mtoto apige picha kwa simu kabla ya kutoa na baada ya kutoa. Hii ndio kazi simu inafaa kufanya. Bolti ikikataa msilazimishe hadi ikatike, paka dizeli, iache ilale, kesho mjaribu tena. Watoto wanachukia kungoja lakini hapa gari yenyewe ndio inawafundisha, wewe kunywa chai.

Sasa, watu wengi wanakimbilia injini. Mimi nasema breki kwanza, na sababu ni rahisi: siku injini itawaka kila mtu atataka kuingia ndani na kuzunguka boma, na hiyo siku hakuna mtu atakusikiza ukisema ngojeni. Toa magurudumu, futa vumbi la breki kwa kitambaa kilicholowa maji, usipulize kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa maana pedi na viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Hiyo ya kufuta fanya wewe. Mipira ya silinda za breki ikiwa imekauka badilisheni yote, paipu za mpira pia. Halafu inakuja kazi tamu kuliko zote, kutoa hewa. Mtoto anakaa kwa kiti cha dereva, wewe uko kwa gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, kwa gari zetu za usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto. Unasema “kanyaga”, anakanyaga, anajibu “nimeshika”. Unafungua kidogo skrubu ya kutolea hewa, mafuta ya breki yanatoka na mapovu kupitia kipaipu hadi kwa chupa, unafunga, ndio unasema “wachilia”. Akiwachilia kabla hujafunga hewa inarudi ndani na mnaanza upya, na kijana wangu akishaelewa hiyo ndio alianza kunifokea mimi, “baba, umefunga?” Endeleeni hadi mapovu yaishe, mtu mwingine akiangalia chupa ya mafuta ya breki iliyo juu ya silinda kuu isikauke. Hayo mafuta ya breki yanakula rangi, yakimwagika osheni na maji hapo hapo.

Injini iliyolala usiipige stata. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo kwa kila shimo, lala. Kesho izungushe kwa mkono ukitumia spana kubwa kwa bolti ya puli ya mbele. Ikizunguka mshukuru Mungu. Chomoa pia kijiti cha oili mwangalie, ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa jua maji yameingia, pengine gasketi ya hedi, na hapo sasa ndio unaita fundi.

Petroli ya zamani ni yako peke yako. Imwage kwa mtungi wa chuma, nje, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara, hakuna kunyonya na mdomo, na paipu zote za petroli zenye nyufa zibadilishwe ju hapo ndipo gari kuukuu zinashika moto.

Moto wa plagi nao ni shule nzima. Toa waya hasi ya betri kwanza. Kabla ya kuchomoa waya za plagi ziandikwe namba, ju zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2 na ukichanganya injini itakohoa tu. Pointi, vile vibati vinavyoguzana ndani ya distributa inayogawa moto kwa plagi, zipigwe msasa laini, halafu nafasi ipimwe kwa geji, kwa Pijo ni karibu milimita 0.4 lakini fuata kitabu cha injini yako. Vidole vya mtoto ni vidogo, atafanya vizuri kuliko wewe. Kisha mpange plagi kuukuu mezani mzisome: kahawia ni nzuri, nyeusi ya masizi petroli ilikuwa nyingi, nyeupe petroli ilikuwa kidogo, yenye oili kuna shida ndani ya silinda. Binti alisoma zile nne akaniambia namba tatu ni mgonjwa, na ni ukweli ilikuwa.

Spea msiagize kwa simu. Nendeni na kitu kilichotoka mkononi, hapa kwetu ni soko la Kibuye, na mwenye sehemu ndiye anaongea na muuzaji, wewe simama nyuma nyamaza. Mkichoka usiku wapigie hadithi ya Safari Rally, wanajua ile ya Naivasha tu tangu irudi kwa ubingwa wa dunia 2021, hawajui kwamba Pijo 504 ilishinda 1975 na Ove Andersson na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Ghafla ile chuma kwa boma inapata heshima.

Ikiwaka, iache ingurume hapo hapo huku kila mtu anakagua sehemu yake kama inavuja. Safari ya kwanza iwe tambarare, Kisumu hadi Ahero na kurudi, bima ikiwa imelipwa. Kaza nati za magurudumu tena baada ya kilomita 50 hivi, ukaze moja kisha ile ya upande wa pili, sio kwa kuzunguka. Siku nyingine mpandishe mlima wa Riat kutoka Mamboleo hadi Kiboswa, macho kwa geji ya joto. Ju ya mwinuko, Kisumu maji huchemka karibu nyuzi 96, Nakuru karibu 94, kwa hivyo kifuniko cha radieta kikiwa kimelegea na hakishiki presha inayozuia maji kuchemka mapema, gari itachemka mlimani hata kama radieta ni mpya. Ikichemka egesheni, zimeni, mkae kando. Hicho kifuniko hakifunguliwi hadi injini ipoe kabisa, na anayekifungua ni mtu mzima.