Besi ikivuma, anza kwa kusogeza spika
Spika zilizobanwa ukutani au kwenye kona huvimbisha besi hadi sauti ya mwimbaji inamezwa. Zivute mbele, sentimita 50 hivi kutoka ukutani, twita (vipaza sauti vidogo vya sauti nyembamba ndani ya spika) ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi kitini.

Kisha piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka, kuta tupu zinarudishiana sauti: tandika zulia nene mbele ya spika, weka kabati la vitabu ukutani. Pazia jepesi halisaidii sana. Besi ikiendelea kuvuma, ondoa kiti ukutani. Ikiwa imepotea kabisa, kagua nyaya. Huenda chanya na hasi zimepishana kwenye spika moja.